Maoni: Ua la Usambara limetajirisha wengine, ya milima ya Kivu tusingoje yapotee

Mama mdogo wangu anaishi Liège, Ubelgiji, ni zaidi ya miaka kumi sasa. Wiki chache zilizopita alinitumia picha kwa WhatsApp: chungu kidogo kwenye dirisha, majani manene yenye manyoya mafupi, na maua ya rangi ya zambarau yenye jicho la manjano katikati. Chini ya picha aliandika: « Mwanangu, angalia ua langu la Kizungu. Nje ni baridi kali, lakini lenyewe linachanua tu. »

Nilimjibu kwamba ua hilo si la Kizungu hata kidogo. Ni la jirani zetu, limetoka milima ya Tanzania. Akanirudishia sauti akicheka: « Kumbe nimetoa pesa zangu kununua ndugu yangu! »

Tulicheka wote wawili. Lakini maneno yake hayakunitoka kichwani. Kwa nini sisi, watu wa Afrika ya milima, tunakuta vitu vyetu dukani Ulaya na hatuvitambui? Na katika milima yetu ya Kivu, kuna vingapi ambavyo vitatutoka namna hiyo hiyo, au vitakufa kabla hatujajua majina yake?

Ndugu msomaji, najua kuna mambo makubwa zaidi siku hizi. Kuna vita, kuna wakimbizi, kuna bei ya unga. Nitalijibu swali hilo mbele. Kwanza uniruhusu nieleze habari ya ua hili, kwa sababu lina mengi ya kutufundisha.

Ua linaloishi kivulini

Wataalamu wanaliita Saintpaulia. Kwa asili linapatikana Tanzania na sehemu ya kusini-mashariki ya Kenya tu. Aina nyingi zinaishi katika misitu ya milima: Usambara, Nguru, Uluguru, na upande wa Kenya milima ya Taita. Chache zinaota chini zaidi, karibu na pwani ya Tanga. Halikauki kwa msimu: majani yake yanabaki mabichi mwaka mzima. Linaota kwenye miamba yenye ukungu, karibu na vijito, mahali ambapo jua haliingii moja kwa moja. Mizizi yake ni mifupi, inashika udongo kidogo tu ulio katika nyufa za mawe.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wake. Mti mkubwa ulio juu yake ndio mwavuli wake. Ukiukata mti, hata kama mguu wako haukukanyaga ua, umekwisha kuliua. Jua linapiga mwamba, unyevu unakwenda, na ua linanyauka. Baadhi ya aina hizo zinaishi katika eneo dogo sana, pengine mlima mmoja au bonde moja tu. Bonde hilo likifyekwa, hakuna mahali pengine duniani pa kwenda kuchukua mbegu. Ndiyo sababu kadhaa kati yao zimewekwa kwenye orodha ya mimea iliyo katika hatari ya kutoweka.

Hapa pana jambo la kushangaza. Ua ambalo limejaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani linaweza kumalizika nyumbani kwake.

Namna lilivyoondoka

Mwaka wa 1892, wakati Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, afisa mmoja wa utawala katika sehemu za Tanga, baroni Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua hilo. Alimtumia baba yake Ujerumani, mzee aliyependa sana mimea. Baba alilifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen, Hannover. Mwaka wa 1893 Wendland aliliandika katika vitabu vya sayansi na kulipa jina la ukoo wa baroni. Tangu hapo ni Saintpaulia, kana kwamba kabla ya baroni kupita hakukuwa na mtu mlimani.

Mwaka huo huo wa 1893 lilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya maua mjini Gent, mji ambao sisi tunauita Gand kwa Kifaransa. Tukumbuke kwamba wakati ule nchi yetu nzima ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Léopold II wa Ubelgiji, na babu zetu walikuwa wanalazimishwa kuingia porini kutafuta mpira. Wageni walioshangilia ua la Usambara pale Gent walikuwa katika nchi ile ile ambako mpira wa Congo ulikuwa unashushwa melini. Sisemi ua na mpira ni kitu kimoja, kwani hakuna aliyekatwa mkono kwa sababu ya ua. Lakini mawazo yaliyovichukua yalikuwa yale yale: kilicho Afrika hakina mwenyewe, anayekiona kwanza na kukiandika ndiye mwenyewe.

Baadaye biashara ilikua. Mwaka wa 1926 kampuni moja ya maua ya Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikazipanda na kuchagua mimea kumi iliyo bora. Kutoka hapo ua lilienea Marekani yote. Mwaka wa 1946 wapenzi wake waliunda chama chao cha taifa. Leo kuna maelfu ya aina zilizotengenezwa na wafugaji wa maua: za pinki, nyeupe, zenye madoa, zenye petali zilizokunjana kama kitambaa cha bibi arusi. Zote mizizi yake ni Afrika ya Mashariki.

Na milima ya Usambara ilipata nini? Wajerumani hadi leo wanaliita kwa jina la Usambara, hiyo ni heshima kidogo. Lakini hakukuwa na mkataba wowote uliosema: ninyi mliolinda msitu huu kwa vizazi na vizazi, mtapata fungu lenu. Hata kama mtu angetaka kudai, angemshitaki nani? Wakati ule hakukuwa na sheria ya namna hiyo. Na ua hili lina tabia nyingine ambayo iliwarahisishia wachukuaji kazi. Ukichuma jani lake moja tu na kulichomeka kwenye udongo wenye unyevu, linatoa mizizi na kuzaa mmea mzima. Jani moja katika mfuko wa shati linatosha kuanzisha shamba. Dhahabu lazima uichimbe kila siku, na koltani lazima uibebe kwa magunia. Mmea unauchukua mara moja, basi.

Sisi nasi tuna letu

Msomaji wa Bukavu, Uvira, Butembo au Goma ataniuliza: hayo ni ya Tanzania, sisi yanatuhusu nini?

Yanatuhusu sana. Kuna ua lingine, ndugu wa yale ambayo watu wa bustani wanayajua kwa jina la Impatiens. Linaota katika misitu yenye unyevu kuanzia Kameruni hadi Afrika ya Mashariki, na Congo yetu iko katikati. Lina shina nono linaloweza kufika urefu wa mita moja hivi, majani yake nayo ni mabichi mwaka mzima, na maua yake yanatoka moja kwa moja kwenye shina, mekundu na manjano, yamekunjamana kama mdomo wa kasuku. Ulaya na Marekani linauzwa kama ua la nyumbani, na jina lake la biashara linamtaja kasuku na linaitaja Congo. Yaani nchi yetu iko kwenye kibandiko cha chungu, lakini sidhani kama kuna mkulima hata mmoja wa Congo anayejua kwamba ua la porini kwao linauzwa huko.

Jina lake la kisayansi linauma zaidi. Ni Impatiens niamniamensis. Neno hilo la pili linatokana na « Niam-Niam », jina la dharau ambalo wageni wa karne ya 19 waliwapa ndugu zetu Wazande wa kaskazini. Waliwaita hivyo kwa sababu walisema ni watu wanaokula watu. Kwa hiyo ua zuri namna hiyo linabeba matusi juu ya watu wa Congo katika vitabu vyote vya mimea duniani, na sisi tunanyamaza kwa sababu hata habari hatuna.

Niliwaonyesha picha ya ua hilo vijana wa mtaani kwetu, wote wamesoma, wengine wako chuo kikuu. Jibu lilikuwa karibu moja: « Hayo ni majani tu. » Mama mmoja mzee, aliyezaliwa Kabare karibu na pori, alichukua simu, akaitazama kidogo, akasema: « Hili ukiliona, jua maji hayako mbali. » Hakuhitaji kitabu. Lakini mama huyo ana umri mkubwa, na wajukuu zake wanaishi mjini. Akiondoka, anaondoka na kitabu ambacho hakikuandikwa.

Tuseme ukweli wote

Nisije nikaonekana kama mtu anayelia tu kwamba Wazungu wametuibia. Ukweli una pande mbili, na sisi watu wa Kivu tumekula pia matunda ya milima ya wengine.

Chukua kinkina. Mti huo, ambao ganda lake linatoa kinini ya kutibu malaria, kwa asili ni wa misitu ya milima ya Andes, huko Peru, Ecuador na Bolivia. Peru imeuweka hata kwenye nembo ya taifa lake. Mbegu zake zilitolewa huko katika karne ya 19, zikazungushwa dunia nzima na wakoloni, na mwishowe zikafika Kivu wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Familia nyingi za Kabare, Walungu, Kalehe na Lubero zimesomesha watoto kwa maganda ya kinkina. Watu wa Andes nao hawakupata fungu lao. Chai ilitoka Asia. Kahawa ya arabika ilitoka nyanda za juu za Ethiopia. Kama kila mmea ungerudi kwao leo, vilima vyetu vingebaki vitupu.

Kwa hiyo sipingi mimea kusafiri. Mimea imesafiri tangu zamani, na dunia imepona malaria kwa sababu hiyo. Ninachopinga ni kitu kusafiri bila mwenye nyumba kuulizwa, bila jina lake kuandikwa, na bila fungu lake kutengwa. Na ninapinga zaidi sisi wenyewe kuliachia pori liteketee kisha baadaye tuseme tumeibiwa.

Siku hizi sheria ipo. Mwaka wa 1992 mataifa yalikubaliana Rio kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mimea na wanyama wake. Mwaka wa 2010 ikaandikwa Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kufanya kazi mwaka wa 2014: anayetaka kuchukua mmea ili auchunguze au aufanyie biashara lazima aombe ruhusa na akubaliane na wenyeji namna ya kugawana faida. Congo ni mwanachama wa itifaki hiyo. Tena sheria yetu wenyewe, namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa mazingira, inazungumzia jambo hilo hilo. Lakini sheria hiyo haiwezi kurudi nyuma kudai ua la mwaka wa 1892. Inaweza tu kulinda kile ambacho bado kipo. Ndiyo maana haraka inahitajika: sheria inayolinda msitu uliokwisha kuwa makala haina kazi.

Makala ndiyo hatari ya kwanza

Hapa nazungumza na sisi wenyewe. Leo adui mkubwa wa maua ya milima yetu si mgeni mwenye mkoba. Ni msumeno na tanuru la makala.

Bukavu na Goma zinapika kwa makala. Miji inakua, wakimbizi wanaongezeka, umeme unakuja na kuondoka, gesi ni ya wachache. Kila gunia linalouzwa barabarani lilikuwa mti mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni ukingo wa Hifadhi ya Kahuzi-Biega au kilima ambacho zamani kilikuwa pori. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka wa 1970, ikapanuliwa mwaka wa 1975, na mwaka wa 1980 ikaingizwa katika urithi wa dunia. Tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Hiyo ni zaidi ya robo karne ya hatari. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mzazi.

Watu wanapotaja Kahuzi-Biega wanafikiri gorila tu. Gorila ni fahari yetu, hakuna ubishi. Lakini gorila anakula majani, na majani yanahitaji kivuli na maji. Kati ya mianzi na kilele cha Kahuzi, kwenye mita 3.308, kuna mimea ambayo haipatikani kokote nje ya safu hii ya milima inayopita Congo, Uganda, Rwanda na Burundi. Ukimlinda mnyama na kuacha ua life, siku moja mnyama naye atakosa nyumba.

Na mimi simshitaki mama anayeshuka na gunia la makala mgongoni saa kumi na moja asubuhi. Anatafuta pesa ya chumvi na ya masomo ya watoto. Ukimnyang'anya gunia lake bila kumpa njia nyingine, umempiga maskini na msitu bado utakatwa usiku. Wanaostahili kuulizwa ni wenye malori, wanaotoza kodi barabarani, na wale wenye bunduki wanaokula juu ya jasho la mama huyo.

Vilevile tusiwasahau Batwa. Waliishi katika pori la Kahuzi tangu zamani, wakafukuzwa wakati hifadhi ilipoundwa, wakabaki bila ardhi. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka wa 2024, ilisema haki zao zilivunjwa. Hao ndio wanaojua pori kuliko mtu yeyote mwenye diploma. Tukizungumzia kugawana faida ya mimea na kuwaacha wao nje, tutakuwa tumefanya yale yale ya baroni, tofauti ni rangi ya ngozi tu.

« Watu wana njaa, wewe unaleta maua? »

Hilo ndilo swali nililoahidi kulijibu. Ni swali la haki.

Jibu langu ni hili. Ua la mlima ni kama taa ndogo ya gari inayowaka kukuonya kwamba mafuta yanakwisha. Taa yenyewe si kitu kikubwa, lakini anayeidharau ataachwa njiani. Ua linaloishi kivulini likitoweka, maana yake kivuli kimetoweka. Kivuli kikitoweka, udongo unakauka, chemchemi inapungua, na mvua ikija haikuti kitu cha kuipunguza nguvu. Mito mingi inayoshuka Ziwa Kivu, na mingine inayokwenda hadi mto Congo, inaanzia katika misitu hii ya juu.

Mwezi wa Mei 2023 tuliona Kalehe. Bushushu na Nyamukubi zilifunikwa na maji, mawe na matope kwa muda mfupi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi hawakupatikana kamwe. Sisemi kwamba miti peke yake ingezuia msiba ule. Mvua ilikuwa kubwa, na nyumba zilijengwa karibu sana na mito. Lakini kila mkulima anajua tofauti kati ya kilima chenye mizizi na kilima kitupu mvua ikinyesha.

Wenzetu wa Tanzania wamelielewa hilo. Maji ya mji wa Tanga yanatoka mto Zigi, na mto huo unaanzia kwenye milima ya Usambara ya Mashariki. Mwaka wa 1997 serikali yao ilitangaza Amani, mle mle Usambara, kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Leo wageni wanakwenda kuliona ua hilo likiwa kwenye mwamba wake, na vijana wa vijiji vya jirani wanapata kazi ya kuwaongoza. Si kwamba shida zao zimekwisha, misitu yao nayo bado inabanwa na mashamba. Lakini wamefanya jambo ambalo sisi bado: wamelinda kisima na ua kwa pamoja, kwa sababu ni kitu kimoja.

Tufanye nini

Sitaki kumaliza kwa kulalamika. Nina mambo manne ya kupendekeza, na hakuna hata moja linalohitaji kungoja amani kamili.

La kwanza, majina. Walimu wa shule za Kabare, Kalehe, Mwenga, Walikale na Lubero wawape wanafunzi kazi ya nyumbani: kila mtoto amuulize bibi au babu majina ya mimea mitano ya porini, kwa Kimashi, Kihavu, Kilega, Kinande au lugha yoyote ya nyumbani, na kazi yake. Daftari hizo zikusanywe. Kule Lwiro, chini ya mlima Kahuzi, tuna kituo cha utafiti cha tangu mwaka wa 1947. Wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu wanaweza kuyalinganisha majina hayo na mimea yenyewe, jani kwa jani. Ila daftari zibaki mali ya vijiji, na asiyeruhusiwa asizichukue. Kitu chenye jina hakipotei kwa urahisi, na hata siku ya kudai haki utaanza na jina.

La pili, ruhusa. Mtafiti yeyote, mweusi au mweupe, wa Kinshasa au wa ng'ambo, anayetaka kuondoka na mmea, mbegu au jani, aonyeshe karatasi. Karatasi hiyo isiwe ya kuuziwa na mkubwa mmoja ofisini. Iwe imesomwa kwenye baraza, mbele ya wazee, akina mama na Batwa, kwa lugha wanayoelewa, na iseme wazi kijiji kitapata nini kama mmea huo utaleta faida. Wabunge wetu wa jimbo na wa taifa waulize kila mwaka: ruhusa ngapi zimetolewa, kwa nani, na fungu la wenyeji liko wapi?

La tatu, moto wa jikoni. Bila hili, mengine yote ni maneno matupu. Tupande miti inayokua haraka kwenye ardhi isiyolimwa vizuri, nje ya hifadhi, iwe ya kuni na makala. Tutumie majiko yanayokula makala kidogo. Mafundi wetu wanayatengeneza tayari. Na wenye madaraka waache kutuambia kila mwaka habari ya umeme wa Ruzizi na gesi ya Ziwa Kivu kana kwamba ni hadithi ya kulaza watoto. Vitu hivyo vifike jikoni kwa bei ya mama wa kawaida.

La nne, biashara yetu wenyewe. Angalia harusi zetu, angalia misiba yetu: ukumbi umejaa maua ya plastiki yaliyotoka mbali. Wakati huo huo tuna maua ya kivulini ambayo yanaota kwa kuchomeka kipande cha shina. Kikundi cha akina mama kinaweza kuanza na shina chache zilizochukuliwa kwa ruhusa, kikazizidisha nyumbani kwenye kivuli cha migomba, kikauza vyungu mjini. Si lazima kung'oa tena porini. Kama Los Angeles walianza na mbegu kidogo na kuchagua mimea kumi, Bukavu inashindwa nini? Faida haitakuwa ya dhahabu. Itakuwa pesa ya masomo, na itamfanya mama huyo awe wa kwanza kupiga kelele akisikia msumeno karibu na pori alikotoa mbegu yake.

Nimemwandikia mama mdogo wangu kule Liège habari hizi zote. Ameniambia sasa anapowapokea wageni nyumbani, Wabelgiji na Wacongomani, anawaonyesha kile chungu na kuwaeleza kwamba ua hili ni la milima ya Usambara, Tanzania, lilipitia Gand mwaka wa 1893. Wengi hawaamini. Kisha akaniuliza: « Na la kwetu, lile la mdomo wa kasuku, kwetu linaitwaje? »

Nilishindwa kumjibu. Nimerudi kwa yule mama mzee wa Kabare, na amekubali nikae naye Jumamosi na daftari. Wewe msomaji, kama una bibi, babu au jirani aliyekulia karibu na pori, usingoje serikali wala mradi. Mwendee wiki hii, mwonyeshe picha, andika anachosema.